Oden na Jicho la Baba

Baba yangu alikataa kupasuliwa jicho kwa sababu ya Oden. Najua sentensi hiyo inavyosikika. Nilipomwambia daktari, alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie utani, nami sikuwa na utani siku hiyo wala siku yoyote ya mwezi ule. Oden ndiye mkubwa wa miungu ya kale ya watu wa huku Uswidi, wale walioabudiwa kabla kanisa halijafika, na hadithi zao zinasema alilitoa jicho lake moja kwa hiari ili apewe maarifa. Baba akasema kama mkubwa wa miungu ameongoza vita kwa jicho moja, yeye dereva mstaafu wa foklifti anataka mawili ya nini.

Hesabu yake ilikuwa mbovu. Oden alibakiwa na jicho moja zima. Baba hakuwa nalo. La kulia lilikufa zamani, na la kushoto, hilo hilo alilobakiwa nalo, lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hadi akawa ananitambua kwa hatua zangu kabla ya sura. Upasuaji wenyewe ni wa nusu saa. Lakini ukiwa na jicho moja tu duniani, nusu saa hiyo si ndogo. Hilo sikulielewa mapema, kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira haelewi kitu mapema.

Naishi Akalla, pembeni mwa mji mkuu, na binti yangu wa miaka minne. Baba wa mtoto yuko mji mwingine na ana sababu zake, nimeshazisikia zote. Baba yangu anaishi Jakobsberg, peke yake tangu mama afariki, safari ya basi kutoka kwangu. Vuli ile nilikuwa nimepata kazi ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi ya kudumu, ya kwanza ya kudumu maishani mwangu, nianze Februari. Mpango ulikuwa baba amchukue mtoto chekechea saa kumi jioni, ampe chakula, akae naye hadi nirudi. Mpango wa pili haukuwepo.

Vitabu vya Oden vilianzia Jordbro. Baba alifanya kazi huko miaka mingi kwenye bohari kubwa, akipandisha na kushusha mizigo kwa foklifti, na katika chumba cha mapumziko kulikuwa na rafu ya vitabu ambavyo watu walikuwa wamemaliza kuvisoma. Mzee mmoja Mswidi aliyekuwa akikaribia kustaafu ndiye aliyempa cha kwanza. Kinene kama tofali. Jalada lina askari wa siku hizi, kofia ya chuma, bunduki yenye darubini, na nyuma yake kibabu chenye jicho moja na kunguru wawili mabegani. Mzee yule alimwambia baba, wewe ulikuwa mwanajeshi, niambie kama haya ni kweli. Baba alichukua swali hilo kama amri. Alikisoma kwa Kiswidi chake cha bohari, kidole kikifuata mstari, miezi mitano. Kisha cha pili. Vipo saba.

Alipofika cha nne jicho likamkatalia. Hakuniomba nimsomee. Siku moja ya Jumapili alikiweka kitabu mezani kando ya chai yangu, akakisukuma kidogo kwa kidole, akaendelea kuzungumza habari za bei ya vitunguu.

Hadithi yenyewe ni hii. Platuni ya wahandisi wa jeshi, watu thelathini na mmoja, wako kaskazini kwenye mazoezi ya majira ya baridi. Ukungu unashuka. Unapoinuka, hawapo tena Uswidi. Wapo upande wa pili, ukingoni mwa lile daraja la rangi za upinde wa mvua ambalo miungu huvukia. Daraja lina nyufa. Majitu yanajiandaa kuja na kumaliza kila kitu. Oden anatokea juu ya farasi wake wa miguu minane na kumwambia luteni, mwanamke mdogo kuliko mimi, nijengee daraja lingine, lenye kubeba uzito. Wana malori mawili ya vyuma, bunduki moja kubwa ya rashasha na redio isiyompata mtu. Tor, yule wa radi na nyundo, anaionea wivu bunduki. Loke, mjanja wao, anazunguka kambini amevaa sura ya mpishi.

Niliona upuuzi. Nilikuwa na nguo za kufua, mtoto mwenye kamasi, na hapa nimekaa nafasiri vita vya majitu. Lakini tulisoma. Kila Jumapili saa nane mchana, mimi upande huu wa meza, yeye upande ule, mtoto sakafuni na vifuniko vya sufuria. Napitisha macho kwenye sentensi ya Kiswidi, naisema kwa Kiswahili. Kiswahili changu ni cha Tanga, cha mama, na cha shule ya msingi niliyosoma huko hadi nilipotimiza miaka tisa, tulipomfuata baba huku. Kiswahili cha baba, aliyekuwa askari Uganda, ni cha kambini. Uganda ya ujana wake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na raia wakikisikia walifunga milango. Hakikufundishwa kwa upole na hakijui upole. Nikisema askari wakapumzika, anasema hapana, wakalegezwa. Nikisema walisimama zamu, anataka kujua lindo liko wapi na nani anambadili nani.

Kisha dizeli. Jumapili tatu mfululizo aliuliza dizeli wanapata wapi. Malori yananguruma, Tor analala ndani ya lori moja apate joto, wanapanda na kushuka milima ya miungu, na hakuna aliyetaja pipa hata moja. Yeye jeshini alikuwa dereva wa lori la mahitaji. Alisema vita vyote alivyoviona vilikuwa vita vya dizeli, hayo mengine watu walikuwa wanatunga. Nikamwambia, baba, kuna farasi wa miguu minane humu, wewe unauliza dizeli.

"Farasi ameelezwa," alisema. "Anakula nyasi. Dizeli haikuelezwa."

Kunguru wa Oden aliwapenda. Askari walikuwa na ndege yao ndogo isiyo na rubani ya kupelelezea, betri ikafa kwa baridi siku ya pili. Kunguru waliendelea kuleta habari. Hapo baba alipiga meza kwa kiganja, akafurahi kama yeye ndiye aliyewafuga. Mama mmoja Mtanzania anayesali na sisi aliposikia tunasoma miungu ya kipagani baada ya misa, alimwambia baba mbele ya watu kwamba anamharibu mjukuu. Baba akamjibu kwa adabu zote kwamba hawaabudu, anawakagua.

Aliwahesabu wale wanajeshi kila sura. Thelathini na mmoja, wakafa wawili, ishirini na tisa. Kwenye ukurasa fulani akanisimamisha: koplo mmoja hayupo. Nirudi nyuma nikatafute. Nilirudi kwa hasira kurasa arobaini, na kweli, koplo aliwekwa lindoni kwenye mti ulioungua, na tangu hapo mwandishi alimsahau. Kitabu kizima kilichobaki hakimtaji tena.

"Basi bado yuko pale," baba alisema. "Anangoja zamu yake iishe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kuna sura moja alinikataza. Ni ile ya ukumbi wa Oden, ambamo askari waliouawa vitani hukusanywa, wanapigana mchana kutwa, wanauana tena, na jioni wanafufuka na kukaa kula nyama ya nguruwe pamoja. Vitabu hivi vinapaona hapo ndipo patamu. Nilisoma nusu ukurasa, baba akasema ruka. Nikamuuliza kwa nini, akasema mtu akishakufa aachwe alale, si kuamshwa kila asubuhi kwa kwata. Nikaruka. Hiyo ndiyo habari ya vita vyake niliyowahi kupewa na mdomo wake mwenyewe, hiyo moja, na ilitoka kwa ajili ya nguruwe wa Oden.

Novemba alikwenda kumchukua mtoto chekechea, siku ya kujaribu. Mvua ilikuwa inanyesha na watoto walikuwa nje, wote wamevaa ovaroli za mpira za kuzuia mvua, kofia hadi nyusini. Baba alimwita mjukuu wake, mtoto akaja mbio, akamshika mkono, wakaondoka. Walifika getini. Mwalimu akawakimbilia. Mtoto aliyeshikwa mkono alikuwa wa watu wengine. Alikuwa amekuja tu kwa sababu mtu alimnyooshea mkono. Wangu alikuwa amesimama kwenye mchanga akimtazama babu yake akiondoka na mtoto mwingine.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Alinipigia simu akasema wangependa tuzungumze kuhusu nani anamchukua mtoto. Binti yangu jioni ile aliniambia kwa Kiswidi, kama anavyonijibu kila kitu, kwamba babu anataka mtoto mwingine. Nilimweleza. Akasema sawa, lakini kesho yake akakataa kuvaa ovaroli ya bluu kwa kuwa wote wanayo ya bluu.

Wiki mbili baadaye barua ya hospitali ikaja: upasuaji wa jicho la kushoto, Januari. Ilikuwa mara ya pili wanampa nafasi. Ya kwanza aliiacha ipite bila kuniambia. Barua ilisema akiikosa na hii, jina lake linatolewa kwenye foleni na anaanza upya. Nilimsomea. Ndipo akaniambia habari za Oden na jicho moja.

Tulibishana wiki mbili nzima. Mimi nilisema kazi yangu, yeye akasema atakaa na mtoto nyumbani, asiende chekechea tu. Nilimuuliza atamlisha vipi naye anamimina chai nje ya kikombe. Akasema Oden. Nikasema Oden ni wa kitabuni. Akasema na dizeli yenu pia ni ya kitabuni. Hakukuwa na njia ya kumshika. Unasukuma huku anatokea kule, na yule mungu wa jalada amekaa kati yetu mezani, anamtetea.

Kwa hiyo nikaamua kumgeuza Oden.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Desemba. Tulifika mahali ambapo Oden amekaa na luteni kwenye moto wa walinzi, na luteni anamuuliza kama anajutia jicho lake. Kitabuni Oden anasema: nililitoa, na ningelitoa tena. Basi. Anaondoka. Mimi nikasoma vingine. Nikasema Oden aliinamisha kichwa, akakiri kwamba kila asubuhi anajuta, kwamba anajikwaa juu ya mbwa wake mwenyewe, kwamba kama kambi hiyo ingekuwa na daktari, angemwomba amtazame hilo lililobaki kabla halijaharibika nalo. Nilimtungia vizuri. Nilimpa hata machozi kidogo.

Baba aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Soma tena."

Jeshini ujumbe wa redio hurudiwa. Anayepokea anausema tena neno kwa neno ili anayetuma ajue umefika ulivyo. Sikulifikiria hilo. Nilirudia, na bila shaka sikukumbuka nilichosema, kwa sababu hakikuwa kimeandikwa popote.

"Mara ya kwanza alijikwaa juu ya mbwa," baba alisema. "Sasa amejikwaa juu ya kuni. Ni ipi?"

Nikasema ni mbwa. Akauliza ukurasa wa ngapi. Nikataja. Akamwita binti yangu, akampa kitabu, akamuuliza kama ndani yake anaona picha ya mbwa. Mtoto akafungua, akasema kwa Kiswidi kwamba hakuna picha, ni herufi tu. Baba akamshukuru, akamwita afande kama kawaida yake, mtoto akarudi kwenye vifuniko vyake. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alikitafuta kikombe chake kwa mkono, akakipata, akauliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja miaka kumi na sita bila kujua kwamba nalingoja.

"Tangu lini unanibadilishia maneno?"

Ningeweza kusema tangu leo. Ningesema hivyo yangeishia pale, angenicheka, tungeendelea na daraja. Lakini nilikuwa nimechoka, na hasira ina jambo moja zuri, inamaliza akiba ya uongo.

Nikasema, "Tangu nina miaka kumi na miwili, baba."

Nilimwambia. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba. Mama alikuwa kazini, baba alikuwa na Kiswidi cha bohari, nami nilikijua baada ya mwaka mmoja wa shule, kwa hiyo barua zote nilisoma mimi, benki nilikwenda mimi, na hospitali nilikaa mimi kati ya baba na daktari, na begi la shule mapajani. Wenzangu wengi wa hapa walikuwa hivyo. Wakongo, Warundi, sote tulikuwa wakalimani kabla hatujabalehe. Jicho la kulia baba alipigwa kitako cha bunduki kabla sijazaliwa, kwenye kizuizi cha barabarani, siku upande wake uliposhindwa. Huku daktari aligundua presha inapanda ndani ya jicho lile. Alisema, nakumbuka sauti yake hadi leo, kwamba haliumi na halitauma, lakini litakufa asipoweka matone asubuhi na jioni maisha yake yote, na arudi baada ya miezi mitatu.

Siku hiyo darasa langu lilikuwa limekwenda kuteleza kwenye barafu. Nilikuwa nimeazima viatu vya kutelezea. Kama tungetoka pale kabla ya saa tano ningewahi. Na nilijua nikisema maisha yote, baba atashtuka, na akishtuka kutakuwa na maelezo, na maelezo ni mimi. Nikamgeukia nikasema: anasema weka matone mpaka chupa iishe.

Baba akamwitikia daktari kwa kichwa. Daktari akatabasamu. Niliwahi barafu.

Chupa iliisha. Barua ya kumwita ilikuja, na aliyeisoma ni mimi, na nilijua ikisomwa kwa sauti uongo wangu utasomwa nayo. Nikaichana. Nilipofika miaka kumi na sita jicho lilikuwa limekufa, na baba akasema ni lile pigo la kizuizini limemaliza kazi yake. Mama akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikusema kitu.

Yote haya nilimwambia mezani, mtoto akigonga vifuniko. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza ilikuwa saa ngapi, na chumbani mlikuwa na nani mwingine. Nikasema daktari, muuguzi, mimi na yeye. Akauliza tena nilikuwa na miaka mingapi, ingawa nilishamwambia.

"Kuruta hapewi redio," alisema. "Akipewa, anafungwa aliyempa."

Nikaanza kulia. Akangoja nimalize, kisha akasema yaliyobaki.

"Huyo wa miaka kumi na miwili sina kesi naye. Huyu wa leo, aliyekaa akinisomea mbwa na kuni, amekuwa mtu mzima muda mrefu sana. Sijui nimfunge nani badala yake."

Akaniomba nimvalishe mtoto viatu, mimi naye twende zetu nyumbani.

Jumapili tatu hatukusoma. Nilikwenda, akafungua mlango, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akazungumza na mjukuu. Kitabu hakikuwepo mezani. Nilipiga simu kila siku kumuuliza kama amekula, akajibu ndiyo, akauliza habari za mtoto, akakata. Sikuthubutu kutaja Januari. Ningeitaja kwa mdomo gani?

Nilipata muda wa kukasirika sawasawa. Kwanza nilijikasirikia mimi, hilo halina mjadala. Lakini si mimi peke yangu niliyekuwa chumbani. Watu wazima wawili wenye makoti meupe walimtazama mtoto mwenye begi la shule akimweleza mwanamume mzima habari za mwili wake, na wakaona inatosha. Mkalimani ni haki ya mgonjwa, ni bure, nimekuja kuyajua haya ukubwani. Ilikuwa rahisi zaidi kunitumia mimi. Nilikuwa hodari, waliniambia hivyo. Muuguzi alinipa kibandiko cha mnyama. Nikikutana leo na mzazi anayemwingiza mwanawe kwa daktari akamfasirie, ninasimama, ninamwambia palepale kwenye viti vya kusubiria, na sijali akiniona mkorofi. Wengine wananiambia mtoto anajua lugha vizuri. Lugha anaijua. Sitaki kusikia zaidi ya hapo.

Baada ya Mwaka Mpya baba alinipigia mwenyewe, Jumatano, nikiwa dukani. Alisema atakwenda kupasuliwa. Ameshapiga simu hospitali, kwa Kiswidi chake hicho hicho cha kupandisha na kushusha, akaomba mkalimani, na wamempa.

"Utanipeleka," alisema. "Hutaingia."

Nikasema sawa. Nilitaka kumuuliza imekuwaje akabadili mawazo, lakini nilihisi sina haki ya swali hilo, na hadi leo sijaliuliza. Najua tu kwamba hakumtaja Oden tena.

Siku yenyewe tulikwenda kwa treni, mtoto nikamwacha chekechea. Baba alivaa suti. Mkalimani alikuwa mwanamke, mwenye Kiswahili cha Kongo ya mashariki, na walipokutana tu kwenye korido baba alimwuliza ametoka wapi, akamjibu, wakaanza kuulizana habari za barabara ambazo malori ya baba yaliwahi kupita. Wakaingia. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeshika koti la baba.

Sijawahi kukaa upande ule wa mlango. Mikono yangu haikuwa na kazi. Nilisikia sauti ya daktari, kisha ya mwanamke, kisha ya baba, na baba alikuwa anaongea. Anaongea kwa kirefu. Anasimama, anangoja, anaongea tena. Muuguzi akatoka kuchukua karatasi, akaniona, akaniambia wamechelewa kidogo kwa sababu baba yangu ana maswali mengi.

Nikamwambia baba yangu hana maswali. Miaka yote ile aliitikia kwa kichwa tu. Daktari akisema, mimi nikisema, yeye anaitikia, tunatoka. Nilimjua kuwa mtu asiyeuliza madaktari kitu. Muuguzi akasema ameuliza akikohoa wakati kisu kiko jichoni itakuwaje. Ameuliza kama ataamka hajui watu. Ameuliza kama wamewahi kumpofusha mtu, na ni lini mara ya mwisho. Kisha muuguzi akakumbuka kwamba hakupaswa kuniambia, akaingia ndani.

Maswali hayo mtu hayaulizi mbele ya binti yake wa miaka kumi na miwili. Angeuliza vipi? Ningeyabeba mimi.

Niseme sasa ili mtu asikae roho juu: jicho lilipona. Februari nilianza kazi, na baba ndiye anayemchukua mtoto hadi leo, na ovaroli zikiwa zote bluu anamtambua wake kutoka getini. Lakini hilo lilijulikana kesho yake, bandeji ilipotolewa. Jioni ile nilipompokea mlangoni alikuwa na pamba nene juu ya jicho lake pekee, na hakuona kitu kabisa, hata mwanga. Mkalimani aliagana naye, akaenda zake.

Nilimvalisha koti. Nikamuuliza daktari amesema nini.

"Ameniambia mimi," alisema.

Nikakasirika. Nimekwisha kusema nilivyo. Nilimshika mkono chini ya kwapa tukatoka nje, theluji imekanyagwa ikawa kama glasi, na kati yetu na treni kulikuwa na ngazi za hospitali, za barabarani, na za stesheni. Kwenye ya kwanza nikamwambia, ngazi tatu baba, za kushuka. Akasimama. Akatanguliza ncha ya kiatu, akautafuta ukingo, akashusha mguu taratibu, akaitafuta inayofuata. Zilikuwa tatu. Mbele zaidi nikasema mbili za kupanda, akafanya vilevile, akapima kila moja kwa kiatu kabla ya kuweka uzito wake. Watu wakatupita. Stesheni nilizihesabu zote kwa macho kwanza, mara mbili, ndipo nikamwambia: kumi na tisa. Akaanza kushuka akizipima moja moja, nami kando yake nikihesabu kwa sauti.